Kirusi cha Nguruwe na Mkanda wa Jeshi



Maongezi yetu ya leo yahusu maradhi mawili ambayo, kwa kuyatazama tu, hayaelekei kuwa na undugu. Ya kwanza ni ya watu, nayo huitwa mkanda wa jeshi: malengelenge hutoka upande mmoja wa mwili, yakazunguka ubavu au kiuno mithili ya mshipi wa askari, na maumivu yake ya kuunguza huweza kudumu miezi mingi baada ya ngozi kupona. Ya pili ni ya wanyama. Makao yake hasa ni nguruwe, lakini yakimpata ng'ombe humtia mwasho mkali hata akajikuna na kujiuma mpaka ngozi ikachunika, kisha hufa. Twataka kueleza jinsi wataalamu walivyoyatumia maradhi hayo ya nguruwe ili kuufahamu mkanda wa jeshi na jamaa zake, na kwa nini yatupasa kuwa waangalifu tunapopima mambo ya mwanadamu kwa kipimo cha mnyama.

Twajua kwamba wako miongoni mwenu ambao dini yao imewaharamishia nyama ya nguruwe, na wako wengine wamfugao. Mazungumzo haya hayamlazimishi mtu amguse wala amle. Twamtaja kama shahidi, na shahidi husikilizwa kwa sababu ya yale anayoyajua.

Kwanza yafaa tuujue ukoo wenyewe. Maradhi hayo mawili huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoweza kuzaana ila ndani ya chembe hai za mwili, ziitwazo seli. Virusi hivi ni vya ukoo mmoja uitwao herpesi. Jina hilo latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kutambaa. Katika ukoo huu mna kirusi kiletacho malengelenge ya mdomoni, na ndugu yake aletaye vidonda vya sehemu za siri, na kile cha tetekuwanga. Si mambo ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu 64 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 50 walikuwa na kirusi cha kwanza, yaani watu milioni 3,800 hivi. Wengi wao hawajui kwamba wanacho. Lakini huyo huyo asiyemsumbua mwenyeji wake huweza siku nyingine kuingia jichoni akaleta upofu, au kumpata mtoto mchanga akamwua.

Tabia kuu ya ukoo huu ni hii: kirusi kikiisha kuingia mwilini hakitoki tena. Mtoto apatapo tetekuwanga, vipele hukauka na mama hushukuru kwamba mwanawe amepona. Amepona kweli, lakini kirusi hakikuondoka. Kimeingia katika ncha za mishipa ya fahamu iliyo katika ngozi, kikapanda hata kufika kwenye vifundo vya mishipa hiyo karibu na uti wa mgongo, na huko kikalala. Huweza kulala miaka arobaini au sitini. Hapo nguvu za mwili za kujikinga zinapopungua, ama kwa uzee, ama kwa ugonjwa kama UKIMWI, ama kwa dawa fulani kali, kirusi huamka na kuteremka kwa njia ile ile iliyokipandisha. Kila mshipa wa fahamu una eneo lake la ngozi, kama vile kila mfereji una mashamba yake. Ndiyo sababu malengelenge ya mkanda wa jeshi hufuata mstari wa upande mmoja, wala kwa kawaida hayavuki kwenda upande wa pili.

Basi wazee walisema kweli waliponena, kikulacho ki nguoni mwako. Mkanda wa jeshi haukutumwa na jirani mwenye kijicho. Ni tetekuwanga ya utotoni iliyorudi kutoka ndani ya mishipa ya mgonjwa mwenyewe. Neno hili si dogo, kwa maana kunyoshea watu vidole kwa ajili ya ugonjwa kumevunja undugu mwingi, na mgonjwa aliyepelekwa kutafuta mchawi huikosa dawa katika siku zile chache ambazo ingemfaa zaidi.

Lakini wataalamu waliyajuaje haya? Si kwa siku moja. Mwaka 1909 daktari wa watoto wa mji wa Budapest, János Bókay, aliandika jinsi watoto walivyopata tetekuwanga baada ya kukaa nyumba moja na mtu mwenye mkanda wa jeshi. Mwaka 1965 daktari Mwingereza, Edgar Hope-Simpson, alieleza kwamba kirusi hukaa kimelala katika vifundo vya mishipa ya fahamu na kuamka baadaye. Walakini kulijua jambo kuwa liko si sawa na kulijua linavyotendeka. Kirusi hupandaje katika mshipa? Nani hukichukua? Hushuka kwa njia gani?

Hapo ndipo palipokuwa na kikwazo. Kirusi cha tetekuwanga humpenda mwanadamu tu. Ukikitia katika panya hakileti ugonjwa ulio kama wetu. Wala haiwezekani kumpasua mtu aliye hai na kuutoa mshipa wake ili kutazama kilichomo. Ikawa hapana budi kumtafuta jamaa yake, kirusi cha ukoo ule ule ambacho kina mnyama wake mwenyewe, na ambacho kwa mnyama huyo hufanya mambo yale yale: kuingia, kupanda, kulala na kuamka. Jamaa huyo alipatikana kwa nguruwe.

Tena alianza kujulikana katika mji ule ule wa Budapest. Mwaka 1902 mtaalamu wa maradhi ya wanyama, Aladár Aujeszky, alichunguza maradhi yaliyomwua ng'ombe, na mbwa, na paka. Dalili zake zilikaribia kufanana na za kichaa cha mbwa, lakini Aujeszky alionyesha kwamba ni maradhi mengine kabisa. Kwa hiyo mpaka leo maradhi hayo yana majina mawili: maradhi ya Aujeszky, na kichaa cha uongo. Huko Marekani wafugaji waliyaita mwasho wa wazimu. Mwaka 1931 mtaalamu Richard Shope alionyesha kwamba mwasho huo wa Marekani na maradhi ya Hungaria ni kitu kimoja, na uchunguzi wake ukamwelekea nguruwe kuwa ndiye akitunzaye kirusi na kukieneza.

Yafaa kutua kidogo hapa. Ng'ombe, kondoo, mbwa na paka wapatapo kirusi hiki hufa karibu wote, tena kwa siku chache. Nguruwe mkubwa hukohoa, huwa na homa, kisha hupona. Vitoto vyake vichanga ndivyo vifavyo kwa wingi, na jike mwenye mimba huweza kuiharibu. Lakini yule aliyepona hubaki na kirusi kimelala katika vifundo vya mishipa ya fahamu ya uso. Akipata taabu, kama vile kusafirishwa mbali au kuzaa, kirusi huweza kuamka na kutoka puani mwake, kikawaingia wengine. Je, mwaona jinsi ilivyo desturi moja na ile ya tetekuwanga na malengelenge ya mdomoni? Kirusi na mwenyeji wake wa asili wamezoeana kwa muda mrefu mno. Kirusi humwacha mwenyeji aishi, kwa kuwa mwenyeji akifa nyumba nayo imebomoka. Lakini kikiingia kwa mgeni huharibu kila kitu.

Kirusi hiki cha nguruwe kiliwafaa wachunguzi kwa sababu tatu. Ya kwanza, huota upesi katika seli za wanyama wa namna nyingi. Ya pili, ni mara chache sana kimempata mwanadamu. Ya tatu, na ndiyo kubwa, jeni zake, yaani maagizo ya urithi, kwa sehemu kubwa zalingana na za virusi vyetu. Jeni hizo ni zaidi ya 70. Kirusi cha nguruwe kina herufi za urithi zipatazo jozi 143,000. Cha tetekuwanga jozi 125,000. Na cha malengelenge ya mdomoni jozi 152,000. Wapangao koo za virusi wamekiweka cha nguruwe katika mlango mmoja na cha tetekuwanga; kile cha malengelenge ya mdomoni ni binamu yao.

Sasa tuje kwenye kisa kilichofungua njia. Mwaka 1961 huko Hungaria mtaalamu Adorján Bartha alitengeneza chanjo ya nguruwe kwa kukiotesha kirusi mara nyingi katika seli za nguruwe na za kuku, mpaka kikapoa ukali wake. Chanjo ile ilifanya kazi vema, ijapokuwa kwa wakati ule hapakuwa na njia ya kujua kilichobadilika ndani yake. Baada ya miaka ishirini hivi, elimu ya jeni ilipoendelea, iligundulika kwamba kirusi cha Bartha kilikuwa kimepoteza kipande cha urithi wake. Miongoni mwa vitu vilivyopotea ni protini moja iitwayo E, pamoja na jirani zake.

Upungufu huo ulileta faida mbili. Ya kwanza ni ya wafugaji. Nguruwe aliyechanjwa kwa kirusi kisicho na protini E hatengenezi kingamwili za kupigana na protini hiyo. Lakini aliyeambukizwa kirusi cha porini huzitengeneza. Basi kwa kupima damu tu mganga wa mifugo aliweza kumpambanua aliyechanjwa na aliyeambukizwa, akamtoa mgonjwa na kumwacha mzima. Kwa njia hiyo nchi kadhaa ziliyaondoa maradhi hayo katika mazizi yao. Marekani iliyamaliza katika mifugo ya biashara mwaka 2004.

Faida ya pili ni ya elimu ya mwanadamu. Ilionekana kwamba kirusi cha Bartha kikiingia katika mshipa wa fahamu huweza kupanda, lakini hakiwezi kushuka. Hutoka kwenye kiungo kikaenda kuelekea ubongoni, kutoka seli moja hata seli ya nyuma yake, bila kugeuka. Maji hufuata mkondo, lakini kirusi hiki hufuata mkondo kinyume chake, kutoka mwisho wa mfereji hata chemchemi. Wachunguzi wa ubongo waliifurahia sana habari hii. Wakikitia katika kiungo cha panya, kama tumbo au moyo, wakangoja siku chache, waliweza kuona katika ubongo ni seli zipi zinazokitawala kiungo hicho, kwa kuwa kirusi kimeacha alama katika kila kituo. Kirusi cha nguruwe kikawa kama mpelelezi afuataye nyayo.

Lakini kwa nini hakishuki? Swali hili ndilo kiini cha maongezi yetu. Seli ya fahamu ina mwili, na kutoka mwili huo hutoka uzi mwembamba na mrefu sana. Kwa mtu mzima, uzi uendao kwenye vidole vya mguu waweza kufikia kama mita moja. Ndani ya uzi huo mna njia kama reli, na juu ya reli hizo hupita wachukuzi, ambao nao ni protini. Wako waendao nje kuelekea ngozini, na wako warudio ndani kuelekea kwenye mwili wa seli. Hao huchukua mizigo ya seli yenyewe. Kirusi hakina miguu wala mabawa; husafiri kwa kupanda migongo ya wachukuzi hao.

Ili kuyaona mambo hayo wachunguzi walitengeneza sahani ndogo yenye vyumba vitatu. Katika chumba cha kwanza walipanda seli za fahamu. Nyuzi zao ziliota, zikapenya chini ya kuta, zikavuka chumba cha kati na kutokea cha tatu. Ukitia kirusi katika chumba cha tatu, penye ncha za nyuzi, umeiga kuingia kwa kirusi ngozini. Ukikitia katika chumba cha kwanza, umeiga kuamka kwake. Katika chuo kikuu cha Princeton huko Marekani, Lynn Enquist na wenzake walifanya kazi nyingi ya namna hiyo kwa kirusi cha nguruwe. Mwaka 2001 ilitolewa taarifa ya kirusi kilichofungwa protini ing'aayo, ambayo asili yake ni kutoka kwa yavuyavu wa baharini. Chini ya hadubini virusi vilionekana kama nukta za nuru zikikimbia katika uzi, nyingine zikienda na nyingine zikirudi.

Mwendo wao ulipimwa, nao wakadiriwa kuwa mikromita moja au mbili kwa sekunde moja. Mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita. Wanafunzi walio nasi na wafanye hesabu: mikromita moja kwa sekunde ni sentimita tisa hivi kwa siku, na mita nzima ni kama siku kumi na moja na nusu. Kwa jicho letu ni mwendo wa konokono, lakini kwa kitu kidogo namna hii ni safari ya mbio.

Katika kazi hizo ilidhihirika kwamba kupanda na kushuka si jambo moja. Ili kushuka, kirusi kipya kilichotengenezwa katika mwili wa seli hakina budi kupakiwa kwa mchukuzi aendaye nje, na katika kirusi cha nguruwe upakiaji huo wahitaji protini E na jirani zake wawili. Zikikosekana, mzigo hubaki ghalani. Hiyo ndiyo siri ya kirusi cha Bartha. Kirusi chetu cha malengelenge ya mdomoni nacho kina protini hizo hizo tatu, na zikiondolewa, ushukaji wake huathirika vilevile, ijapokuwa si kwa kadiri moja.

Tumaini liko wapi katika haya? Dawa tuliyo nayo leo kwa maradhi ya ukoo huu, kama ile iitwayo asiklovia, humzuia kirusi anapozaana. Kirusi kilicholala haikigusi. Kwa hiyo mgonjwa hupata nafuu, na adui hubaki chumbani. Lakini kama siku moja itapatikana njia ya kuifunga barabara ya kushuka, kirusi kitaweza kuamka kikakosa mchukuzi, kisifike ngozini wala jichoni. Hatusemi kwamba dawa hiyo ipo. Twasema kwamba wachunguzi sasa waijua barabara ya kuitazama, na kirusi cha nguruwe kimesaidia sana kuwaonyesha.

Pamoja na hayo yatupasa kusema habari ya mipaka. Jamaa si mtu mwenyewe. Kirusi cha nguruwe kikikosa protini E huendelea kuishi na kuzaana. Kirusi cha tetekuwanga hakiwezi kuishi bila ya protini yake iliyo na jina hilo. Tena iko protini nyingine iitwayo D. Kirusi cha nguruwe huihitaji ili kuingia katika seli ya kwanza, lakini huweza kupita kutoka seli hata seli bila ya hiyo. Kile cha malengelenge ya mdomoni huihitaji kwa yote mawili. Na cha tetekuwanga hakina protini hiyo kabisa. Kwa hiyo lipatikanalo kwa nguruwe ni swali jema la kuuliza kwa mwanadamu, wala si jibu lililokwisha.

Mfano mmoja waonyesha hatari ya kukosea ukoo. Nguruwe wana kirusi kingine cha herpesi ambacho zamani kilipewa jina la kirusi kimoja cha wanadamu, sitomegalo. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba jina hilo halikistahili. Jamaa yake wa karibu ni virusi vyetu vingine, vile viwaleteavyo watoto wadogo homa na vipele vyekundu. Tarehe 7 Januari 2022 huko Baltimore, Marekani, David Bennett, mtu wa miaka 57, alitiwa moyo wa nguruwe ambaye jeni zake zilikuwa zimebadilishwa. Alifariki tarehe 8 Machi mwaka ule ule, nacho kirusi hicho kilionekana kuwa kilikuja pamoja na moyo. Hapa kujua ukoo wa kweli si mchezo wa majina. Dawa na vipimo vilivyofanywa kwa ajili ya kirusi kimoja haviwi lazima kufaa kwa kingine.

Wala kirusi cha Aujeszky chenyewe si cha kudharauliwa. Tangu mwaka 2011 aina mpya yake ilienea katika mazizi ya China, hata kwa nguruwe waliokuwa wamechanjwa kwa chanjo ya Bartha. Baada ya hapo madaktari wa huko walitoa taarifa za watu wachache walioshikwa na uvimbe wa ubongo, wengi wao wakiwa watu washikao nguruwe na nyama yao. Ni wachache sana, lakini watosha kumfundisha achinjaye avae glavu na kukilinda kidonda chake.

Basi, wasikilizaji wetu, tuyakusanye yaliyo ya kuchukua nyumbani. Akitokea mtu mwenye malengelenge ya mkanda wa jeshi, na aende hospitali mapema, kwani dawa hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu tangu vipele vitokee. Na kama yako karibu na jicho, asingoje hata siku moja. Akishauriwa apimwe damu kwa ajili ya UKIMWI, asione haya, kwa maana huenda mkanda huo ndio uliobisha hodi ili ugonjwa mwingine ujulikane na kutibiwa. Malengelenge na yafunikwe mpaka yakauke, tena mgonjwa ajitenge na watoto wachanga, na wajawazito ambao hawajapata kuugua tetekuwanga, kwa kuwa awezalo kuwaambukiza ni tetekuwanga, si mkanda wenyewe. Lakini asitengwe na jamaa zake wengine kama mwenye laana. Maji ya kunywa na mtu wa kukaa naye usiku wa maumivu ni haki yake.

Na anayeuliza ni nani aliyemtumia maradhi hayo, ajibiwe kwa upole kwamba hakuna aliyeyatuma. Yalikuwamo tangu utoto wake, yamelala karibu na uti wa mgongo, na njia yaliyoifuata yajulikana leo kwa sababu watu wavumilivu waliitafuta mahali ambapo wengi wasingedhani kutazama, yaani katika mishipa ya nguruwe.